Ibn Battuta: Alilala Wapi Miaka Yote Hiyo?

 

Wengi wetu tulisoma habari za Ibn Battuta darasani, na tulichokariri ni orodha ya miji tu. Alitoka Tangier, akafika Makka, Kilwa, Delhi, China, Mali. Mwalimu anauliza, tunajibu, tunapata alama zetu, basi. Lakini kuna swali ambalo sikuwahi kumsikia mtu akiliuliza, na kijana yeyote aliyewahi kupanda basi la usiku kwenda mji asiokuwa na jamaa atalielewa mara moja: huyu bwana alikuwa akilala wapi? Nauli mtu huweza kuchangisha kwa marafiki na ami zake. Kitanda ndicho kinachomaliza pesa. Siku tatu za gesti na mfuko umekauka. Yeye alikuwa njiani karibu miaka 29, mwendo unaokisiwa kuwa zaidi ya kilomita 110,000, na usiku mwingi mno wa miaka hiyo hakulipia malazi hata dirhamu moja.

Jina lake ni Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah Al-Lawati At-Tanji. Alizaliwa Tangier, kaskazini mwa Moroko, tarehe 17 Rajab mwaka wa 703 Hijria, yaani Februari 1304. Watu wa kwao walikuwa watu wa elimu, wa madhehebu ya Imam Malik, na ukoo wao ulitoa makadhi. Akasomeshwa fiqhi kama walivyosomeshwa wakubwa zake. Mwezi wa Rajab mwaka wa 725, yaani Juni 1325, akawaaga wazazi wake waliokuwa hai wote wawili, akashika njia kwenda kuhiji. Alikuwa na miaka 21 kwa hesabu ya miaka ya jua. Hakuwa na msafara wala rafiki. Yaani umri wa mtu aliye mwaka wa pili au wa tatu chuoni, ambaye mama yake bado humpigia simu kumuuliza kama amekula.

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Alipofika Bijaya, katika Algeria ya leo, homa ilimshika. Mwenzake wa njiani akamshauri apumzike mpaka apone. Akakataa, akasema kama ajali yake imefika basi imkute uso wake umeelekea Hijazi. Yule mwenzake alipoona kashikilia, akamshauri auze punda wake na mizigo mizito, naye akamwazima mnyama wa kupanda na hema. Kuanzia hapo utaona jambo hili likijirudia: kila anapokwama, kuna mtu anatokea.

Tunis ndiko alikolia. Watu wa mji walitoka kuupokea msafara, wakawa wanakumbatiana na kusalimiana, kila mtu na wake. Yeye hakuna aliyemjua. Akasimama pale peke yake mpaka machozi yakamshinda. Mmoja wa mahujaji akamwona, akamjia, akamsalimia, akaendelea kumzungumzisha mpaka wakaingia mjini. Usiku ule alilala kwenye madrasa ya wauza vitabu. Msafara ulipoondoka Tunis, huyu kijana aliyekuwa akilia ndiye aliyefanywa kadhi wa msafara, kwa sababu alikuwa na elimu ya kuamua mambo ya watu. Njiani akaoa, akagombana na mkwewe, akaacha, akaoa tena, na harusi ile ya pili ikausimamisha msafara mzima siku nzima wakila karamu. Ujana!

Sasa tuje kwenye jibu la swali letu. Katika miji ya Waislamu ya zama zile kulikuwa na aina kadha za mahali pa kulala. Kulikuwa na khan, nyumba za wasafiri na wanyama wao. Kwenye njia ya kutoka Misri kwenda Sham aliikuta khan katika kila kituo, na nje yake maji ya sabili na duka la kununua mahitaji. Kulikuwa na madrasa zilizokuwa na vyumba vya wanafunzi. Na kulikuwa na zawiya, na Misri walikuwa wakiziita khanqah, ambazo matajiri na maamiri walishindana kuzijenga. Pesa za kuziendesha hazikutoka kwa mgeni. Zilitoka kwenye wakfu: mtu amefunga duka lake, au shamba, au hamamu, kwa ajili ya Allah, kodi yake iingie pale milele. Na Qur'an imemtaja msafiri, ibnus-sabil, miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki zaka. Kwa hivyo tunaposema alilala bure, tuwe waangalifu kidogo. Kitanda kilikuwa kimelipiwa, pengine na mtu aliyekufa miaka mia kabla yake.

Alivyozisimulia zile za Kairo utadhani anasimulia hoteli. Asubuhi mhudumu anapita kwa kila faqiri kumuuliza anataka chakula gani. Wakati wa kula kila mtu ana mkate wake na bakuli lake la mchuzi, hashirikiani na mwenzake. Kuna nguo za baridi na nguo za joto, posho ya dirhamu 20 mpaka 30 kwa mwezi, sukari kila usiku wa kuamkia Ijumaa, sabuni ya kufulia, ada ya hamamu, na mafuta ya taa.

Lakini huingii hivi hivi. Mgeni alisimama mlangoni amejifunga kiuno, msala begani, fimbo mkono wa kulia na birika mkono wa kushoto. Bawabu akampasha habari mhudumu, naye akatoka kumhoji: umetoka nchi gani, njiani umelala zawiya zipi, shekhe wako ni nani? Majibu yakikaa sawa ndipo anapoingizwa, anatandikiwa msala wake, anaonyeshwa pa kutawadhia. Anatia udhu, anaswali rakaa mbili, kisha anampa mkono shekhe na wote walioko. Hiyo ndiyo ilikuwa kodi ya chumba. Tapeli angeshindwa kwenye swali la pili.

Na vyumba havikuwa vya fahari kila mahali. Karibu na mji wa Fawwa, huko huko Misri, alimzuru Shekhe Al-Murshidi kwenye zawiya yake. Kulikuwa na joto, akaambiwa apande akalale juu ya dari. Akakuta jamvi, kitanga cha ngozi, na chombo cha maji ya udhu. Usiku ule aliota amepanda juu ya bawa la ndege mkubwa anayempeleka upande wa Makka, halafu Yemen, halafu mashariki ya mbali. Asubuhi shekhe akamfasiria kwamba atahiji na atafika mpaka India. Mimi sishangai kwamba ndoto iliyobadilisha maisha yake aliiota akiwa amelala juu ya dari.

Aliingia Damascus tarehe 9 Ramadhan mwaka wa 726, yaani Agosti 1326, akashukia madrasa ya Malikiya. Hapa ningependa msomaji atulie kidogo, maana ndipo ninapopapenda kuliko mahali pengine pote katika maisha yake.

Wakfu za Damascus zilimshangaza hata yeye. Kulikuwa na wakfu wa kuwalipia hija wasioweza kwenda wenyewe. Kulikuwa na wa kuwatayarisha mabinti wa kimaskini wanaoolewa, wa kukomboa mateka, wa wasafiri kupewa chakula, nguo na gharama ya kurudi makwao, na wa kutengeneza njia za mjini. Siku moja akamwona mtumwa mdogo kadondosha sahani ya kaure ya Kichina, ikavunjika, mtoto anatetemeka kwa hofu ya bwana wake. Wapita njia wakamwambia aviokote vile vipande ampelekee msimamizi wa wakfu wa vyombo. Akaenda, akapewa pesa za kununua nyingine. Fikiria mtu anakaa chini, anawaza ni nani katika mji huu ambaye hakuna anayemkumbuka, na akili yake inafika mpaka kwa mtoto aliyevunja sahani.

Na katika Ramadhan, hakuna aliyefuturu peke yake. Wakubwa waliwaita marafiki zao na mafakiri, wafanyabiashara vivyo hivyo, na wanyonge walikusanyika kila usiku nyumbani kwa mmoja wao au msikitini, kila mtu amekuja na alichonacho, wakafuturu pamoja. Mwalimu wa Kimaliki, Nuruddin As-Sakhawi, akamtaka Ibn Battuta awe anafuturu kwake. Akaenda siku nne. Siku ya tano homa ikampiga, hakwenda. Mwalimu akatuma mtu. Akatoa udhuru wa ugonjwa, udhuru haukupokelewa, akaenda akalala huko. Asubuhi alipotaka kurudi madrasa mwenyeji wake akamkatalia kabisa, akamwambia aihesabu ile nyumba kama yake, au ya babake, au ya nduguye. Akaita tabibu, akaamuru apikiwe kila anachoagizwa. Akakaa pale mpaka Idd. Na alipotaka kutoka na msafara wa hija, kumbe mfukoni hana kitu! Yule mwalimu akamkodia ngamia, akampa masurufu ya njiani, na juu yake akamwongeza pesa za dharura.

Mimi nimewahi kufika mji mmoja usiku wa manane baada ya basi kuharibika, nikaenda msikitini nikijua pale angalau pana jamvi. Nikakuta kufuli. Silaumu, wezi wa vipaza sauti na viatu ni wengi. Lakini nilipokuwa nimekaa kibarazani nikingoja alfajiri, ni Nuruddin huyu niliyemkumbuka.

Hija yake ya kwanza ilikuwa mwaka ule ule wa 1326. Akazunguka Iraki na Uajemi, akarudi Makka akakaa kusoma, kisha akashuka Yemen na kuvuka kuja kwetu. Mwaka wa 1331 chombo chake kikatia nanga Mogadishu. Desturi ya kule ilikuwa hivi: jahazi likifika, vijana wanalifuata kwa sambuki ndogo, kila mmoja ana sahani ya chakula iliyofunikwa. Anamwendea mfanyabiashara mmoja, anamwekea sahani mbele yake, anatangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Mgeni huyo hataenda kulala kwingine isipokuwa kwa huyo kijana, ila awe mzoefu wa mji. Tusidanganyane, ilikuwa biashara pia. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia, na biashara iliyofanywa bila yeye kuwepo haikutambuliwa. Mgeni alipata kitanda na mlinzi, mwenyeji akapata faida yake. Kila mtu kafurahi.

Kijana mmoja alipomjia Ibn Battuta, wenzake wakasema huyu si mfanyabiashara, ni faqihi. Basi akawa mgeni wa kadhi. Akapelekwa kumsalimu sultani kwanza, akaletewa tambuu na marashi ya mawaridi, akashushwa kwenye nyumba ya wanafunzi wa dini iliyokuwa imetandikwa tayari. Chakula chenyewe msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa: wali wa samli wenye vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa lala, achari ya ndimu, pilipili, tangawizi, maembe. Siku tatu, mara tatu kwa siku. Siku ya nne, Ijumaa, akaletewa na nguo za kwendea msikitini.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. (Watu wa Mombasa wenzangu tusikasirike.) Akatusifu kwa dini na uaminifu, akaona misikiti yetu ya mbao imejengwa kwa ufundi, na kwenye kila mlango wa msikiti kisima kimoja au viwili, vya kina cha dhiraa moja au mbili, watu wakiteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Hiyo ni kata yetu, hakuna kingine. Watu walitembea pekupeku, wakaosha miguu kabla ya kuingia. Kisha Kilwa, kwa Sultan Al-Hasan bin Sulayman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa kutoa. Fakiri wa Kiyemeni alimsimamisha baada ya swala ya Ijumaa akamtaka nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akavaa nyingine, akamwambia aende akazichukue.

Kutoka huku akarejea Arabuni, akahiji tena, kisha akapanda mpaka Anatolia, ambayo ni Uturuki ya leo. Vijana wa jumuiya nisikilizeni hapa. Katika kila mji alikuta chama cha vijana, waliojiita akhi. Walikuwa mafundi na wafanyakazi wa kazi moja, wengi hawajaoa. Walimchagua mkubwa wao, wakajenga zawiya, wakaitia mazulia na taa. Mchana kila mtu yuko kazini. Baada ya alasiri wanakuja na walichochuma, wananunua matunda na chakula. Mgeni akiingia mjini siku ile, ni wake. Asipotokea mgeni wanakula wenyewe. Hawakungoja mfadhili, wala amiri.

Katika mji wa Antalya mtu mmoja mwenye nguo kuukuu na kofia ya sufi alikuja kumwalika Ibn Battuta na wenzake chakula. Ibn Battuta hakujua Kituruki. Alipofasiriwa akastaajabu, akamwonea huruma, akamwambia mkalimani kuwa huyu maskini hatuwezi kumtwisha mzigo. Mkalimani akacheka. Kumbe yule fundi viatu ndiye mkubwa wa akhi, ana watu kama 200 nyuma yake na zawiya yao. Usiku wakaenda, wakakuta mazulia mazuri na taa za kioo za Iraki. Aibu kidogo kwa faqihi wetu.

Ladhiq, ambayo leo ni Denizli, ilikuwa kali zaidi. Walipokuwa wakipita sokoni, watu wakatoka madukani wakashika hatamu za farasi zao. Wengine wakaja wakawapinga, wakazozana mpaka visu vikachomolewa. Wageni wakajua wamevamiwa na majambazi. Akatokea haji mmoja ajuaye Kiarabu akawaeleza kuwa hao ni vikundi viwili vya akhi, na kila kimoja kinataka wageni walale kwake! Wakapiga kura. Walioshinda wakawachukua kwanza, kisha wakahamia kwa wenzao. Idd ul-Fitri mwaka ule iliwakuta katika mji huo. Tena kulikuwa na vichekesho vya lugha: mwenzao alitumwa dukani kununua samn, yaani samli, akapewa nyasi kavu, kwa kuwa neno hilo kwa Kituruki ni la nyasi.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani maisha ya mgeni ni asali tupu. Tumfuate Delhi, alikofika miaka ya 1330, kwa Sultan Muhammad bin Tughluq. Huyu sultani aliwapenda wageni, aliwapa vyeo na mali. Lakini ilikuwa lazima umwendee na zawadi, naye atakurudishia mara nyingi zaidi. Wafanyabiashara wakajua mchezo: wakawakopesha wageni kila kitu, wakingoja kulipwa tuzo ikitoka. Ibn Battuta akaingia humo kichwa kichwa. Alifanywa kadhi wa Kimaliki kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka, akapewa nyumba, na bado deni lake likafika dinari 55,000. Akamtungia sultani shairi la kuomba alipiwe. Wadai wakamkamata mlangoni mwa kasri, wakapiga kelele mbele ya watu. Deni lililipwa. Ila yule kijana wa msala na birika alikuwa amepotelea wapi?

Kisha ikaja hofu. Alimzuru shekhe mmoja aliyekasirikiwa na sultani, naye akawekewa walinzi. Akafunga saumu siku tano mfululizo kwa maji tu, akisoma Qur'an. Shekhe aliuawa, yeye akanusurika. Akagawa alivyokuwa navyo, akaingia kwenye zuhudi, mpaka mwaka wa 1341 sultani alipomwita na kumtuma awe balozi wake China. Safari hiyo nayo ilianza kwa kunyang'anywa njiani na kubaki na nguo za mwilini, na pwani ya Calicut dhoruba ikaangamiza vyombo vya ubalozi. Akakimbilia visiwa vya Maldivi, akawa kadhi huko, akaoa wake kadhaa, akagombana na wakubwa, akaondoka. Safari yake ya China yenyewe wapo wanazuoni wa historia wanaotilia shaka sehemu zake. Sitaingia huko.

Kuna hesabu nyingine ya malazi ambayo haionekani haraka. Katika safari yake ya kwanza Damascus alioa mwanamke, akamwacha akiwa mjamzito. Akiwa India alisikia amezaliwa mtoto wa kiume, akatuma dinari 40 kwa babu yake mtoto. Aliporudi Damascus mwaka wa 1348, jambo la kwanza alilouliza ni mwanawe. Akaambiwa alikufa miaka 12 iliyopita. Hapo hapo akampata mtu wa Tangier, akamuuliza juu ya wazazi. Babake alikuwa amefariki miaka 15 nyuma, mamake yu hai. Mwaka ule tauni kubwa ilikuwa ikiwamaliza watu kila mji. Akaelekea kwao, na kabla hajafika, mamake naye akafa kwa tauni hiyo. Alipoingia Tangier mwishoni mwa 1349, mahali alipokwenda ni kaburini kwake. Nyumba ngapi zilimfungulia mlango, na ule wa kwao ukafungwa akiwa njiani.

Akaenda Andalusi. Kisha mwaka wa 1352 akavuka jangwa la Sahara kwenda Mali. Huko alikuwa mtu mzima aliyezoea kupokelewa, na ilionekana. Alipoletewa zawadi ya mgeni ya Mansa Sulayman alisimama akitarajia mavazi na mali. Ilikuwa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa lala. Akacheka. Ulipoingia Ramadhan akamwendea mfalme, akamlalamikia kwamba amekaa muda wote huo bila kukirimiwa, na akifika kwa masultani wengine atasema nini juu yake? Akapewa nyumba na posho. Usiku wa 27 wa Ramadhan, zaka ilipogawiwa makadhi na mafaqihi, naye akapata fungu lake, mithqali 33 na theluthi za dhahabu. Msafiri bado alikuwa na haki yake, hata akiwa mwenye kudai sana.

Mwaka wa 1354 alikuwa amerudi Moroko, na Sultan Abu Inan wa Fez akaamuru safari zake ziandikwe. Akamsimulia katibu Ibn Juzayy, kitabu kikamalizika Dhulhijja ya 756, yaani Desemba 1355. Baada ya hapo hakusafiri tena mbali. Aliwekwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko, na kazi ya kadhi zama zile ilikuwa pamoja na kuzisimamia wakfu: kuangalia kodi ya maduka imekusanywa, paa la zawiya halivuji, mafuta ya taa yapo, na mgeni akibisha hodi kuna wa kumfungulia. Katika kazi hiyo ndimo alimofia, mwaka wa 1368 au 1369. Allah amrehemu.